Kusikiliza Jazi Bila Kujua Nani Anapiga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kusikiliza bila jina maana yake nini?

Unawekewa rekodi bila kuambiwa nani anapiga, wimbo gani wala mwaka gani. Unaeleza unachosikia, unatoa maoni yako, na mwisho kabisa unakisia jina. Utaratibu huu una historia. Mwaka 1946 mwandishi Leonard Feather aliuanzisha kwenye jarida la Metronome nchini Marekani, mgeni wake wa kwanza akiwa mpiga piano Mary Lou Williams. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliuhamishia Down Beat. Mwanamuziki aliwekewa santuri, akazungumza, kisha akatoa nyota, tano zikiwa za juu kabisa.

Kuna hali ya pili: rekodi ambayo hakuna anayeijua. Inaweza kuwa kanda isiyo na maandishi, santuri iliyobanduka lebo, au faili lililopita mikono mingi hadi jina likapotea. Hapo hakuna mtu wa kukupa jibu mwishoni. Stadi ni zilezile, ila uvumilivu unahitajika zaidi.

Kwa nini nifiche jina? Si ningeusikia muziki uleule?

Hapana. Jina likitangulia, sikio linafuata. Ukiambiwa ni John Coltrane, gwiji wa saksafoni, noti iliyochepuka utaiita ujasiri. Ukiambiwa ni mwanafunzi, noti hiyohiyo utaiita kosa.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa Roy Eldridge. Mpuliza tarumbeta huyu aliamini kabisa kwamba kwa kusikiliza tu angeweza kutofautisha wanamuziki weusi na weupe. Mwaka 1951 Feather alimwekea rekodi kadhaa, Eldridge akakosea mara nyingi kuliko alivyopatia, na mwenyewe akakubali matokeo. Huyo alikuwa gwiji. Kama sikio lake lilikuwa limebeba mambo yasiyokuwa kwenye sauti, basi la kila msikilizaji limebeba pia.

Nahitaji vifaa gani?

Hedifoni nzuri au spika mbili, mahali tulivu, karatasi na kalamu. Spika ya simu haifai. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi unatoa sauti ya hezi 41, na spika ndogo namna hiyo haiitoi kabisa. Utasikia vivuli vyake vya juu tu. Utakuwa unahukumu bendi ambayo mmoja wao amenyamazishwa.

Orodha ya kusikiliza iandaliwe vipi?

Aiandae mtu mwingine. Ukijipangia mwenyewe na kuchanganya kwa bahati nasibu, bado unachagua kati ya majina unayoyajua, na hilo linapunguza kazi nusu.

Rekodi nane zinatosha kwa kikao kimoja. Zaidi ya hapo masikio yanachoka na za mwisho zinahukumiwa kwa uchovu. Mchanganyiko unaofaa ni huu: mbili ambazo msikilizaji anatakiwa azitambue, mbili za wanamuziki anaowajua ila wakiwa nje ya mazoea yao, tatu za watu asiowajua, na moja iliyorekodiwa miaka ya karibuni kwa mtindo wa zamani. Hiyo ya mwisho usiiache. Ndiyo inayoonyesha kama mtu anasikiliza muziki au anasikiliza mikwaruzo.

Kuficha jina kunahitaji umakini. Yape mafaili namba tu, 01 hadi 08. Futa taarifa zilizomo ndani ya faili: msanii, albamu, mwaka, picha ya jalada. Funika skrini, maana hata urefu wa wimbo unatoa siri. Dakika tatu kamili zinamwambia mtu mzoefu kwamba hiyo ni santuri ya zama za mizunguko 78 kwa dakika. Kata sauti ya mtangazaji anayetaja majina. Makofi na kelele za ukumbini ziache, hizo ni ushahidi halali.

Halafu sawazisha kiwango cha sauti. Rekodi iliyo juu kwa desibeli moja au mbili tu huonekana bora hata kama si bora, na msikilizaji hatajua kwa nini kaipenda. Usisawazishe kwa kuangalia vilele. Santuri yenye mkwaruzo mmoja mkali itakuwa na kilele kwenye mkwaruzo huo, na muziki wote utabaki chini. Tumia programu inayopima wastani wa uzito wa sauti kwa kipimo cha LUFS. Kiwango cha -18 kinaifaa jazi kwa sababu kinaacha nafasi ya tarumbeta na ngoma kulipuka bila kukatwa.

Nisikilize mara ngapi, na niandike nini?

Mara tatu, kila mara kwa kazi yake.

Mara ya kwanza weka kalamu chini. Wimbo ukiisha, andika sentensi moja tu: umependa au hukupenda, na ni sehemu gani hasa. Sentensi hiyo usiibadilishe baadaye kwa sababu yoyote.

Mara ya pili sikiliza safu ya mdundo peke yake: besi, ngoma, na piano au gitaa lililo nyuma. Andika mwendo, mpangilio wa wimbo, nani anaongoza wakati (mapigo yanayouendesha wimbo) na nani anaufuata.

Mara ya tatu sikiliza wapiga solo. Usiandike "mzuri" au "mwepesi". Andika jambo ambalo mtu mwingine akisikiliza atalikuta palepale: "anachelewa kidogo kila anapoanza sentensi", "vibrato (mtetemo wa noti) inakuja mwishoni tu mwa noti ndefu", "anapumua katikati ya kipimo (kundi la mapigo, mara nyingi manne)".

Baada ya hapo ndipo ukisie, na kando ya jina andika sababu mbili zinazokuunga mkono na moja inayokupinga. Ukijiwa na jina sekunde ya kumi, liandike, ukunje karatasi, endelea. Usilitamke. Ukishalitamka unaanza kukusanya ushahidi wa kulitetea, na mengine yote yanakupita. Wengi wanaovurunda huvurunda hapa, na huwa ni wale wenye masikio mazuri, kwa sababu majina yanawajia haraka.

Mbona mnasisitiza besi na ngoma kabla ya saksafoni?

Kwa sababu wapiga solo wakubwa huigwa mno. Charlie Parker alipotokea, vijana wengi wa saksafoni ya alto walijaribu kupuliza kama yeye. Lester Young naye alizaa kizazi kizima cha wapulizaji wa saksafoni ya tena, iliyo nzito kuliko alto. Safu ya mdundo huigwa kwa shida zaidi, maana ni watu watatu au wanne wanaoelewana, na maelewano hayanakiliwi kirahisi.

Sikiliza mpiga ngoma anaweka wapi wakati. Katika rekodi za awali wakati unakaa kwenye ngoma kubwa ya mguuni. Jo Jones wa bendi ya Count Basie, miaka ya 1930, aliuhamishia kwenye matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu. Kenny Clarke, karibu na mwaka 1940, akaupandisha kwenye toazi kubwa linaloning'inia upande, ngoma kubwa ikabaki ya kushtukiza tu. Kwa hiyo swali "wakati uko kwenye chombo gani?" peke yake linakupa muongo, au angalau shule.

Elvin Jones anagawa kila pigo vipande vitatu na kuvisambaza kwenye ngoma zote, hivyo pigo la kwanza la kipimo mara nyingi halisikiki wazi, bali linazungukwa. Kwenye besi, solo ya upinde katikati ya bendi ndogo ya miaka ya 1950 ikufanye umfikirie Paul Chambers kwanza. Ukisikia upinde pamoja na sauti ya mtu anayeimba noti zilezile oktava moja juu, huyo ni Slam Stewart. Gitaa lisilopiga solo kabisa, mapigo manne kwa kila kipimo, ambalo unalihisi kuliko kulisikia, ni alama ya Freddie Green na bendi ya Basie.

Zoezi: chagua vipimo 32, fuata besi tu, ukihesabu moja hadi nne kwa kidole. Pale unapopotea, rudia. Mara nyingi ndipo mpiga ngoma anapofanya jambo lake la maana.

Nikadirie vipi mwaka?

Anza na teknolojia, malizia na mtindo. Teknolojia haiigwi kwa bahati mbaya.

Santuri ya kwanza ya jazi ni ya Original Dixieland Jass Band, iliyorekodiwa New York tarehe 26 Februari 1917. Mpaka 1925 wanamuziki walikusanyika mbele ya pembe kubwa, hapakuwa na maikrofoni. Pembe hiyo ilinasa takriban hezi 250 hadi 2,500 tu. Ndiyo maana utasikia banjo na vibao vya mbao vizuri, lakini besi ya nyuzi na ngoma kubwa hutazisikia, au zitakuwa kivuli. Usiseme "mpiga ngoma huyu hana nguvu". Mashine ndiyo haikumpokea.

Kuanzia 1925 kuna umeme na maikrofoni. Chumba kinaanza kusikika, besi inatokea. Karibu na 1930 banjo inaiachia nafasi gitaa, na tuba inaiachia besi ya nyuzi.

Santuri ya inchi 10 ya mizunguko 78 ilibeba dakika tatu hivi kwa upande, ile ya inchi 12 dakika nne na kidogo. Muziki ulipangwa kuingia humo: utangulizi, wimbo, solo fupi za vipimo nane au kumi na sita, mwisho. Kampuni ya Columbia ilileta santuri ndefu mwaka 1948, na hapo solo za dakika kadhaa zikawezekana. Ukisikia solo ndefu kwa sauti ya zamani zaidi ya hapo, fikiria rekodi ya ukumbini au ya redio. Mfano ni zile Jerry Newman alizokata mwaka 1941 katika klabu ya Minton's huko Harlem, ambamo Charlie Christian anapiga gitaa bila kuharakishwa na mtu.

Kuna pengo moja la kukumbuka. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki Marekani kiligoma kurekodi. Kampuni ya Decca ilikubaliana nacho mwaka 1943, lakini Columbia na Victor hawakurudi studioni na wanamuziki wa chama hadi Novemba 1944. Kwa hiyo rekodi ya bendi kubwa inayodaiwa kuwa ya studio ya Victor, katikati ya 1943, iulizwe maswali. Huenda ni matangazo ya redio. Mgomo mwingine ulitokea 1948.

Stereo ilianza kuuzwa kwenye santuri mwaka 1958. Ngoma zikiwa zote sikio moja na saksafoni zote sikio la pili, uko mwishoni mwa miaka ya 1950 au ndani ya miaka ya 1960. Tahadhari hapa: kampuni nyingi zilichukua rekodi za mono (sauti ileile masikio yote mawili) na kuzigawa kwa hila, sauti nzito upande mmoja, nyepesi upande wa pili. Ukikuta piano ileile inaonekana kuhama kutoka sikio hadi sikio kadiri noti zinavyopanda, ni stereo ya kughushi. Irudishe kuwa mono kabla ya kuisikiliza.

Kinanda cha Hammond kinachoongoza bendi ndogo kwa kishindo kinaelekeza 1956 na kuendelea, baada ya Jimmy Smith. Piano ya umeme, mwisho wa miaka ya 1960. Besi ya mbao inayovuma kama mpira ulionyooshwa, noti ikikaa muda mrefu, ni besi iliyochomekwa moja kwa moja kwenye mashine, sauti ya miaka ya 1970.

Saksafoni za tena zinanichanganya. Nianzie wapi?

Anzia na mizizi miwili, Coleman Hawkins na Lester Young, kisha jiulize huyu unayemsikia ametoka mzizi gani.

Hawkins ana sauti nzito iliyojaa, vibrato pana, na anaifuata kila akodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwa kuipanda noti moja moja kama anayeikagua. Young ana sauti nyepesi, vibrato ndogo, na sentensi zake hazijali mipaka ya vipimo. Zinaanza mahali usipotarajia na kuisha kabla hujajiandaa. Ana tabia moja ya kuisikilizia: hurudia noti ileile mara mbili tatu kwa vidole tofauti, ikabadilika rangi huku kimo chake kikibaki palepale.

Kutoka kwa Hawkins utampata Ben Webster, ambaye kwenye nyimbo za polepole noti inaisha lakini pumzi inaendelea. Sikiliza mwisho wa sentensi zake kwa hedifoni, hewa tupu inasikika baada ya sauti kuzima. Kwenye nyimbo za kasi mtu huyohuyo anakwaruza koo. Kutoka kwa Young utampata Stan Getz, na wengine wengi ambao hata wataalamu huwachanganya. Hapo kubali kusema "mtoto wa Young" na uishie hapo.

Dexter Gordon anakaa nyuma ya pigo kwa makusudi na hupenda kuchomeka kipande cha wimbo mwingine unaojulikana. Sonny Rollins huchukua kijisentensi kifupi na kukigeuza upande huu na ule kwa vipimo vingi, noti zake nyingi zikiwa zimekatwa fupi. John Coltrane ana sauti iliyobana, ngumu, anayopenda kuipeleka juu. Ya mwaka 1958 imejaa mbio za noti zisizotenganishika, wakati ya 1964 ina noti ndefu zinazolia.

Na usimhukumu mtu kwa kipindi kimoja. Young wa 1936 na Young wa 1956 wana sauti mbili tofauti, na ukimkataa wa pili kwa sababu hafanani na wa kwanza utakuwa umekosa baadhi ya nyimbo za polepole zenye uzito mkubwa katika jazi yote.

Chombo kikibadilika, sauti ya mtu si inabadilika?

Kidogo sana kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 15 Mei 1953, Massey Hall, Toronto, Charlie Parker alipuliza alto ya plastiki aina ya Grafton, na kwenye jalada aliandikwa "Charlie Chan" kwa sababu za mkataba. Hakuna aliyedanganyika. Umbo la mdomo, pumzi na mahali pa kuweka noti ni vya mtu. Rekodi hiyohiyo ina funzo jingine: besi inasikika mno kwa onyesho la ukumbini, na sababu ni kwamba Charles Mingus aliirudia baadaye studioni na kuipachika juu.

Na piano je? Zote zina sauti ileile.

Sauti ndiyo, mikono siyo. Sikiliza mkono wa kushoto.

Erroll Garner anapiga akodi nne kwa kila kipimo kama gitaa, huku mkono wa kulia ukichelewa nyuma yake. Red Garland anadondosha akodi za kushoto katikati ya mapigo, baada tu ya la pili na baada tu ya la nne, kwa ukawaida unaoweza kuuhesabu. Bud Powell anaweka noti mbili za chini mara chache na kuuacha mkono wa kulia ukimbie. Bill Evans anaiacha noti ya msingi ya akodi kwa mpiga besi. Thelonious Monk anabonyeza vitufe viwili jirani kwa pamoja, anashuka kwa hatua za toni nzima, na anathubutu kunyamaza pale wengine wote wangejaza.

Sauti ya mtu inayoguna nyuma ya piano inasaidia, lakini Powell, Garner na Keith Jarrett wote huguna. Usiitegemee peke yake.

Tarumbeta?

Sikiliza mwanzo na mwisho wa noti. Louis Armstrong anaipiga noti ikiwa wima, kisha anaitetemesha mwishoni. Clifford Brown anaitamka kila noti kikamilifu hata kwenye mwendo wa kasi sana. Lee Morgan anakunja noti kwa kubonyeza vali nusu. Kizibo cha chuma cha Harmon kilichotolewa kijibomba chake cha katikati, kikiwa karibu kabisa na maikrofoni, ni alama ya Miles Davis, ila wameiga wengi mno kuweza kuitegemea.

Naujua wimbo, lakini mwanzo wake haufanani kabisa. Nimekosea?

Huenda umepatia. Wanamuziki wa bebop (jazi ya kasi ya miaka ya 1940) waliandika nyimbo mpya juu ya akodi za nyimbo za zamani, kwa sababu mfuatano wa akodi haukulipiwa haki ya mtunzi. "Ko-Ko" ya Parker imekaa juu ya akodi za "Cherokee", "Ornithology" juu ya "How High the Moon". Akodi za "I Got Rhythm" ya George Gershwin, ya 1930, zimebeba nyimbo zisizohesabika, zikiwemo "Anthropology" na "Oleo".

Namna ya kuzinasa: hesabu vipimo. Kumi na viwili ni bluzi. Thelathini na viwili, gawanya kwa vinane: kama sehemu ya kwanza, ya pili na ya nne zinafanana na ya tatu ni tofauti, sikiliza hiyo ya tatu. Ikiwa na akodi nne, kila moja vipimo viwili, na kwenye ufunguo wa B-flati zikawa D7, G7, C7, F7, umeshapata "I Got Rhythm". Vipimo 64 kwa mwendo wa kasi, fikiria "Cherokee".

Programu ya simu ya kutambua nyimbo si ingemaliza kazi?

Kwa santuri iliyotolewa rasmi, mara nyingi ndiyo. Lakini programu kama Shazam hulinganisha alama za rekodi hiyohiyo moja, haimjui mpigaji. Teki (mara moja ya kurekodi) nyingine ya wimbo uleule, siku ileile, studio ileile, kwake ni kitu kigeni. Matangazo ya redio yasiyotolewa haina. Kanda inayokimbia kasi isiyo sahihi inaipoteza. Itumie baada ya kuandika maoni yako, na jibu lake ulichunguze kama la mtu mwingine yeyote.

Rekodi inasikika nyembamba na ya haraka kupita kiasi. Nirekebishe vipi?

Tuhumu kasi. Tofauti ya asilimia 6 ya kasi ni nusu toni, yaani hatua kati ya vitufe viwili jirani vya piano. Hata albamu ya Miles Davis ya 1959, Kind of Blue, iliuzwa kwa miongo mitatu upande wake wa kwanza ukiwa juu ya kimo sahihi, kwa kuwa mashine kuu ya siku ya kwanza ilizunguka taratibu wakati wa kurekodi. Marekebisho yalikuja miaka ya 1990.

Kwanza angalia ufunguo. Bendi zenye tarumbeta na saksafoni hupenda B-flati, E-flati na F. Ukikuta wimbo wa kawaida kwenye B au E, rekodi huenda iko nusu toni nje. Pili, angalia mipaka ya ala: noti ya chini kabisa ya saksafoni ya tena ya kawaida inasikika kama A-flati. Ukisikia G, kasi iko chini. Tatu, sikiliza nyuzi za besi zilizoachwa wazi, E, A, D, G, ambazo huvuma kwa uwazi kuliko noti zinazobanwa.

Nne, tafuta mvumo wa umeme. Amerika Kaskazini umeme ni hezi 60, Ulaya 50. Fungua rekodi kwenye programu inayoonyesha masafa, tafuta mstari ulionyooka karibu na 60 na marudufu yake, 120 na 180. Ukiukuta kwenye 63.6, kanda inakimbia asilimia 6. Kama mstari uko sawasawa kabisa na umeme wa mahali nakala ilipofanyiwa, huenda mvumo umeingia siku ya kunakili, na hapo hauthibitishi kitu. Rekodi za kabla ya 1925 hazina mvumo huu.

Nina santuri au kanda isiyo na maandishi. Niicheze tu?

Usiicheze kabla ya kuwa tayari kuinakili. Mchezo wa kwanza ndio wenye sauti nyingi kuliko yote itakayofuata. Nakili kwa WAV, biti 24, kilohezi 96.

Santuri ya mizunguko 78 inataka sindano ya mikromita 76 hivi. Sindano ya santuri ndefu, yenye mikromita 18 hadi 25, itazama chini ya mfereji na kukuletea vumbi badala ya muziki. Ya 78 kwenye santuri ndefu itaharibu mfereji moja kwa moja. Santuri za kukatwa moja moja, zenye bati la alumini ndani na rangi juu, zikionyesha unga mweupe, rangi inaoza. Hizo zipelekwe kwa fundi. Santuri ya inchi 16 ni ya redio, huzunguka 33⅓, na baadhi huanzia katikati kuelekea nje, kwa hiyo usidhani imeharibika sindano inapokataa kuingia.

Kanda ikipiga kelele ya kukwama kwenye kichwa cha mashine, zima papo hapo. Gundi yake imeloa unyevu, na kila sentimita inayopita inaacha muziki kwenye chuma.

Soma pia eneo la santuri lisilo na muziki, karibu na lebo. Namba ya matriksi (namba ya utambulisho ya kampuni) iliyochorwa pale hubaki hata karatasi ikibanduka. Herufi RVG au jina VAN GELDER zinakuambia aliyetengeneza santuri hiyo ni fundi wa sauti Rudy Van Gelder.

Nisafishe mikwaruzo kabla ya kusikiliza?

Ondoa milipuko mikubwa tu. Mchirizo wa kudumu uache. Matoazi yanaishi kwenye masafa yaleyale ya mchirizo, na programu ikiufuta inafuta mkono wa mpiga ngoma pamoja nao. Hewa ya Webster nayo huondoka. Nakala ghafi ihifadhiwe daima.

Jina lililoandikwa kwenye lebo linaaminika?

Si mara zote. Mikataba iliwafunga wanamuziki kwenye kampuni moja, wakapita mlango wa nyuma. Bendi ya Duke Ellington ilirekodi kama The Jungle Band na The Harlem Footwarmers. Cannonball Adderley aliwahi kuwa "Buckshot La Funke", Eric Dolphy akawa "George Lane" kwenye albamu ya Coltrane. Jina usilolikuta mahali pengine popote, na sauti unayoifahamu, ni sababu ya kuchimba.

Naruhusiwa kumpa nyota moja mtu mkubwa?

Ndiyo, na utaje sababu inayosikika. Miles Davis mwaka 1964 alimshambulia Eric Dolphy kwa maneno makali katika kikao cha Feather, na maneno hayo yanakumbukwa hadi leo, lakini hayamsaidii msikilizaji kusikia chochote. "Piano na besi hazikubaliani juu ya wakati kuanzia solo ya pili" ni hukumu mtu anayoweza kuihakiki. Kwa maoni yetu nyota zenyewe zina thamani ndogo. Sentensi iliyoandikwa baada ya kusikiliza mara ya kwanza ndiyo ya kutunza.

Tukiwa wengi?

Kila mtu aandike kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, na asomaye kwanza awe mwenye uzoefu mdogo. Mtaalamu akitangulia, wengine wote watasikia alichosikia yeye.

Nina hakika ni fulani. Nithibitishe vipi?

Sikio linafungua shauri, karatasi zinalifunga. Mwaka 2005, kwenye maktaba ya Bunge la Marekani, Larry Appelbaum alikuta kanda za redio ya Voice of America za onyesho la Carnegie Hall la tarehe 29 Novemba 1957, mojawapo ikiwa na maandishi machache ya mkono yakimtaja Monk. Alipoicheza alitambua saksafoni ya Coltrane. Lakini haikuishia kwenye kutambua: tarehe ipo, onyesho linajulikana, na bendi ya Monk ya miezi hiyo ilikuwa na Coltrane. Ushahidi wa aina mbili tofauti ulikutana.

Fanya hivyohivyo. Tafuta namba ya matriksi au wimbo kwenye diskografia (orodha ya rekodi na wapigaji wake), linganisha wapigaji waliotajwa na unaowasikia, kisha weka rekodi yako sambamba na teki iliyothibitishwa, sekunde kwa sekunde. Solo zikilingana noti kwa noti, ni rekodi ileile. Zikitofautiana lakini mpangilio ni mmoja, una teki nyingine au onyesho jingine.

Usipofika huko, usiandike jina kwenye faili, hata kwa alama ya kuuliza, maana alama hiyo hupotea kwenye nakala ya pili na kosa linabaki. Andika kinachosikika: "Haijatambuliwa. Watu sita, tena ya shule ya Young, wakati kwenye matoazi ya mguu, ukumbini, makofi, B-flati baada ya kushusha kasi asilimia 4, takriban 1938 hadi 1941." Jina unalolidhania liweke kwenye daftari tofauti, pamoja na tarehe na ile sababu moja inayokupinga.